Kuunda stroboskopu ndogo ya LED: mambo ambayo mchoro wa saketi haukuambii

Wengi wanaoanza kuunda stroboskopu, taa inayomweka mfululizo ili kitu kinachozunguka kionekane kimesimama, hudhani ugumu uko kwenye kuifanya taa iwake na kuzimika haraka. Hilo linamalizika jioni moja. Kinachosumbua ni mwanga wenyewe. Ili shafti inayozunguka ionekane imesimama, kila mmweko lazima uwe mfupi mno. Ukiwa mfupi mno, mwanga unaolifikia jicho ni haba. Ukitaka kuufidia kwa kusukuma mkondo mkubwa, unaunguza LED. Karibu kila uamuzi kwenye kifaa hiki unatokana na mvutano huo, na anayeuelewa kabla ya kununua chochote hatalazimika kuunda kifaa mara mbili.

Kwa hiyo anza na kalamu. Chukua puli yenye kipenyo cha milimita 100 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda mita 15.7 kwa sekunde. Mmweko wa mikrosekunde 200 utaona ukingo huo ukisogea zaidi ya milimita 3, kwa hiyo alama ya kalamu itajiburuza na maandishi hayatasomeka. Mmweko wa mikrosekunde 20 unaacha mburuzo wa takriban milimita 0.3, na hapo unaona hata jino la gia lililovunjika ncha. Njia rahisi ya kulifikiria jambo hili ni kwa asilimia ya mzunguko: taa ikiwaka kwa asilimia 1 ya mzunguko, mburuzo ni nyuzi 3.6, ikiwaka kwa asilimia 0.1, ni nyuzi 0.36. Asilimia hiyo ikibaki ile ile, mburuzo nao unabaki ule ule kwa mwendo wowote, na wastani wa mwanga haubadiliki. Ndiyo maana ni busara programu ipange urefu wa mmweko kwa asilimia badala ya kuuweka mikrosekunde zisizobadilika.

Sasa hesabu mwanga. LED bapa ya wati 10, ile ya mraba yenye chipu nyingi chini ya utandu wa njano, hutoa takriban lumeni 900 kwa mkondo wake wa kawaida wa ampea 0.9. Ukiipa ampea 3 kwa mmweko mfupi haitoi mara tatu na zaidi, kwa sababu ufanisi hushuka mkondo unapopanda. Tuseme itafika lumeni 2,000. Ikiwaka kwa asilimia 0.2 ya muda, wastani ni lumeni 4, ambazo ni pungufu ya mshumaa. Zitandaze kwenye mita nzima ya mraba na hutaona kitu. Zikusanye kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10 na, kama zote zingefika, ungepata laksi 400, sawa na mwanga wa karakana yenye taa nzuri. Hesabu hii fupi ina mafunzo mawili: lenzi si pambo, na chumba lazima kiwe na giza kiasi. Anayejaribu kifaa chake kwa mara ya kwanza mchana kweupe hukata tamaa na kudhani kimekataa kufanya kazi.

Je, kwa nini LED na si mrija wa zenoni? Harold Edgerton wa MIT alitumia mirija ya gesi kutazama mota tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mirija hiyo bado inatoa mwanga mwingi kwa kila mmweko. Lakini inahitaji kapasita ya mamia ya volti, inayoweza kuua hata baada ya kuchomoa waya, na mrija unaochakaa. Kung'oa saketi ya flashi ya kamera ya zamani hakusaidii pia, kwa kuwa imeundwa kupiga mmweko mmoja kisha kupumzika kwa sekunde kadhaa. LED nyeupe inatosha. Watu huogopa kwamba fosfori yake inaendelea kung'aa baada ya umeme kukatika. Kwa LED nyeupe za kawaida mabaki hayo hufifia ndani ya sehemu ndogo ya mikrosekunde, hayaonekani kabisa kwenye kazi hii.

Saketi ya nguvu ni fupi, ila mpangilio wake una maana. Umeme wa volti 12 na kitu unapita kwanza kwenye rezista ya omu 33, wati 5, ndipo unajaza kapasita mbili za mikrofaradi 470, volti 25, zilizofungwa sambamba. Kutoka kwenye kapasita, mkondo unapita kwenye LED, rezista ndogo ya omu 0.47 na mosfeti (transista inayofanya kazi ya swichi), kisha unarudi kwenye kapasita. Betri haitoi zile ampea 3. Zinatoka kwenye kapasita. Mmweko wa mikrosekunde 20 kwa ampea 3 unachota chaji ndogo sana, na volti za kapasita zinashuka kwa takriban 0.06 tu.

Ile omu 33 ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kifaa hiki, na michoro mingi haina. Mikrokontrola, yaani chipu yenye programu inayoamuru mimweko, ikiganda wakati pini yake imewashwa, au waya wa geti (mguu unaoidhibiti mosfeti) ukigusana na volti 5, LED itabaki imewashwa. Bila rezista hiyo, na chanzo cha umeme kikiwa na nguvu ya kutosha, inapata ampea 3 mfululizo na kufa kabla hujanusa moshi. Ikiwepo, kapasita zinamwaga kidogo zilichonacho, kisha LED inabaki na takriban ampea 0.1 na kuwaka kwa upole. Hata LED ikipata shoti kabisa, rezista inabeba wati 4 na ushee, ndiyo sababu ya kuiweka ya wati 5 na si ya robo wati.

Rezista hiyo hiyo ni mita ya bure kwa asiye na oskiloskopu. Weka multimita ya kawaida kwenye volti za DC kati ya ncha zake mbili. Ukisoma volti 0.2, wastani wa mkondo ni miliampea 6. Kama taa inawaka kwa asilimia 0.2, gawanya: 0.006 kwa 0.002 ni ampea 3, na hiyo ndiyo kilele cha kila mmweko. Kipimo hiki kifanye kwenye asilimia ndogo, usikifanye kwenye asilimia 1. Kwenye asilimia 1 rezista inakula karibu volti moja, kapasita zinabaki na volti pungufu, na kilele kinashuka. Ukirekebisha hadi ampea 3 ukiwa huko, kisha ukapunguza urefu wa mmweko, volti zitapanda na LED itapigwa na ampea 4 au zaidi bila wewe kugundua. Ukirekebisha kwenye mmweko mfupi, kila unapourefusha mkondo unapungua wenyewe. Malipo yake ni kwamba mwanga hauongezeki mara tano ukitoka asilimia 0.2 kwenda 1. Ni bei ndogo.

Usiruke moja kwa moja hadi ampea 3. Anza na 1, panda polepole, na tazama mwanga. LED za bei rahisi zina nyuzi nyembamba sana ndani zinazounganisha chipu, na hizo hukatika kwa kilele hata kama wastani ni mdogo. Ukiona kuongeza mkondo hakuongezi mwanga wa kuonekana, rudi nyuma kidogo na uache hapo.

Kwa mosfeti, herufi moja inaharibu kazi. IRLZ44N hufunguka vizuri kwa volti 5 za geti. IRFZ44N, inayofanana nayo kwa umbo na mara nyingi ndiyo inayopatikana haraka, imeundwa kwa volti 10. Kwa volti 5 inafunguka nusunusu, taa inawaka hafifu, na mtu anabadilisha LED tatu kabla ya kushuku mosfeti. Weka omu 220 kati ya pini na geti ili usiizidie pini mkondo, na kiloomu 10 kutoka kwenye geti kwenda ardhi. Hiyo ya pili watu huiona ya ziada. Mikrokontrola inapowashwa au kupakiwa programu, pini zake huelea, na geti lililoachwa hewani huifungua mosfeti ovyo. Kwa omu 220 geti linachukua takriban mikrosekunde 2 kujaa, kwa hiyo mmweko wa chini ya mikrosekunde 10 utakuwa na kingo za mviringo. Ukihitaji mfupi zaidi, ongeza chipu ya kuendesha geti kama TC4427.

Waya nao ni kijenzi. Kila mita ya waya ina takriban mikrohenri 1, na ampea 3 zinazopanda ndani ya mikrosekunde 1 kupitia mita hiyo zinapoteza volti 3. Kwa hiyo kapasita, LED na mosfeti zikae pamoja, ndani ya sentimita chache, waya zimesokotwa jozi. Kuiweka LED kwenye kichwa cha mkono na saketi kwenye boksi la mbali kunapendeza kwenye picha, lakini mmweko unafika umelegea. Ardhi ya mikrokontrola iunganishwe kwenye kapasita kwa waya wake peke yake, isishiriki njia na zile ampea 3, la sivyo skrini itaanza kuonyesha takataka kila taa inapopiga.

Umeme: seli moja ya lithiamu ya 18650 yenye kinga, moduli ya kuchaji ya TP4056, na moduli mbili za kupandisha volti, moja ya volti 5 kwa mikrokontrola na nyingine ya karibu 12.5 kwa taa. Moduli za kupandisha volti za MT3608 zina skrubu inayohitaji kuzungushwa mara nyingi kabla volti hazijaanza kusogea. Irekebishe ukiwa na multimita peke yake, LED ikiwa bado haijaunganishwa, kwa kuwa moduli hiyo inaweza kufika volti 28. Benki ya chaji ya simu inavutia, lakini nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo, na kifaa hiki kwa wastani kinakula kidogo sana. Kwa sababu hiyo hiyo LED haihitaji kipoza joto cha alumini chenye mapezi. Wastani wake hauzidi nusu wati, na kipande cha bati ya alumini ukubwa wa kadi kinatosha. Hapo ndipo boksi zima linaweza kubaki dogo kama tochi.

Tuje kwenye saa. Taima ya 555, chipu rahisi ya kutoa mapigo, inawaka na kuzima vizuri, lakini mwendo wake unasogea pamoja na joto la kapasita, na picha iliyosimama inaanza kutembea yenyewe. Tumia mikrokontrola, na angalia kinachoipa mapigo. Bodi nyingi za ATmega328P, mikrokontrola ya Arduino Uno, zina resoneta ya kauri inayoweza kukosea hadi asilimia 0.5, yaani mizunguko 15 kwenye 3,000. Kwa kutazama tu haidhuru. Kwa kupima, chagua bodi yenye kristali ya kwatsi, ambayo hata ikikosea sehemu 50 kwa milioni, kosa ni mzunguko 0.15.

Usipige mimweko kwa kuandika kuchelewa ndani ya programu. Kila milisekunde 1.024 taima ya mfumo wa Arduino hukatiza kazi, na mmweko unaochelewa kwa mikrosekunde chache huifanya picha itetemeke. Acha Timer1, taima iliyo ndani ya chipu, ifanye kazi yote kwa vifaa vyake. Kwa kigawanyo cha 8 kwenye megahezi 16, kila hatua ni nusu mikrosekunde, na mwendo wa chini kabisa ni kama mimweko 1,831 kwa dakika. Chini ya 2,000 hamia kigawanyo cha 64, kitakachokufikisha karibu 230. Hapa kuna mtego ambao maelekezo mengi yanaupita kimya. Wengi huweka kikomo cha hesabu kwenye rejista (hifadhi ndogo ya namba ndani ya chipu) iitwayo ICR1, yaani modi ya 14 ya taima. Rejista hiyo hubadilika papo hapo. Ukiipunguza wakati kihesabu kimeshaipita thamani mpya, kihesabu kinaendelea hadi 65,535 ndipo kinarudi sifuri, na unaona taa ikikata pumzi kila unapozungusha kitufe. Tumia modi ya 15, kikomo kikiwa kwenye rejista ya OCR1A na mmweko ukitoka kwenye OC1B, ambayo ni pini 10 kwenye Uno. OCR1A katika modi hiyo husubiri mwisho wa mzunguko ndipo ibadilike, na tatizo linaisha bila msimbo wa ziada. Humo humo weka mipaka miwili: mmweko usizidi asilimia 1, na usizidi mikrosekunde 200.

Kitufe cha kuzungusha kiwe enkoda, inayozunguka bila mwisho na kutoa hatua moja moja, kisiwe potenshiomita. Kipimo cha ndani cha mikrokontrola kinachosoma volti za potenshiomita kina hatua 1,024. Ukizigawa kwenye upana wa 300 hadi 12,000, kila hatua ni mizunguko 11 na zaidi, na huwezi kuisimamisha picha hata ukishika pumzi. Enkoda yenye hatua za 100, 10, 1 na 0.1, zinazobadilishwa kwa kuibonyeza, ndiyo inayofaa, pamoja na vitufe viwili vya kuzidisha na kugawa kwa mbili. Kumbuka tu kwamba karibu na 12,000 hatua ndogo kabisa ya taima yenyewe ni mizunguko 1.2, kwa hiyo desimali kwenye skrini huko juu ni urembo.

Kabla ya kuunganisha LED, jaribu kwa rezista ya omu 10 mahali pake, na upime marudio kwenye geti kwa multimita yenye kipimo cha hezi: 3,000 kwa dakika lazima isome 50.00. Kisha LED, kisha lenzi. LED tupu inatawanya mwanga kwa nyuzi 120, na lenzi ya kioo ya milimita 44 yenye pembe ya nyuzi 60 inaleta tofauti kubwa kuliko kuongeza ampea.

Kwa jaribio la kwanza chukua feni ndogo ya kompyuta na uweke alama nyeupe kwenye bawa moja. Bila alama, feni ya mabawa matano itaonekana imesimama vizuri kwenye mwendo wake halisi na pia kwenye mara tano ya mwendo huo, na hutajua uko wapi. Alama iwe upande mmoja tu wa kitovu. Mstari unaopita katikati unaonekana umekamilika hata ukipiga mara mbili ya mwendo. Picha ikirudi nyuma polepole, mimweko ni mingi kuliko mizunguko. Ikienda mbele, ni michache.

Kosa la kawaida kabisa la upimaji ni kuridhika na picha moja iliyosimama. Sehemu inayozunguka mara 3,000 huonekana imesimama kwenye 3,000, 1,500, 1,000, 750 na kuendelea chini. Anza juu kabisa na ushuke. Picha ya kwanza yenye alama moja tu ndiyo mwendo wa kweli. Wengine huhakiki kwa kuzidisha mara mbili na kutazamia alama mbili. Uhakiki huo unakamata nusu, lakini theluthi unaikosa: ukiwa kwenye 1,000 ukazidisha hadi 2,000, utaona alama mbili vilevile. Njia ya uhakika ni kutafuta miendo miwili inayofuatana yenye alama moja, kuizidisha, na kugawa kwa tofauti yao. 1,500 mara 1,000 gawa kwa 500 ni 3,000. Njia hii inafanya kazi hata mashine ikiipita taa yako: spindo ikisimama kwenye 9,000 na inayofuata ikiwa 6,000, inazunguka 18,000.

Mashine ambayo mwendo wake unayumba, picha haitatulia kwa enkoda. Hapo taa ifuate mashine: kipande cha utepe wa kuakisi kwenye shafti, kihisi cha mwanga, na mapigo yake yaingie pini ya ICP1, inayonasa muda wa kila pigo, programu ikipuuza pigo lolote linalokuja kabla ya nusu ya mzunguko uliopita. Kuchelewesha mmweko kwa sehemu ya mzunguko huo kunakuwezesha kuzungusha picha na kuona pembe unayotaka. Badala ya utepe, sumaku iliyogundishwa kwa gundi usiitumie kwenye shafti ya kasi. Ikibanduka ni risasi.

Na kuhusu hatari, mbili zinatosha kutajwa. Mimweko 3 hadi 30 kwa sekunde, yaani 180 hadi 1,800 kwa dakika, ndiyo hasa inayoweza kumwangusha mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Waambie waliopo kabla ya kuwasha, na kwa mashine ya mwendo wa polepole tumia mara nne ya mwendo wake au zaidi, hadi uvuke 1,800, ukubali kuona alama nne au zaidi. Ya pili ni ile inayoonekana ya kipuuzi hadi mkono unapojinyoosha wenyewe: gia iliyosimama mbele yako haijasimama. Swichi ya taa iwe ya kubonyeza na kushikilia, ili mkono mmoja uwe na kazi, na kinga ya mashine isifunguliwe kwa sababu tu sasa unaweza kuona ndani.

Kifaa kikishakubali, kazi nzuri ya kuanzia ni kupima mota ya induksheni inavyolegea chini ya mzigo. Mota ya ncha nne kwenye umeme wa hezi 50 ingezunguka 1,500 kama isingelegea. Weka taa kwenye 1,500 na uhesabu alama inavyorudi nyuma: mara moja kwa sekunde ni mizunguko 60 pungufu, mota iko 1,440. Ongeza mzigo na uhesabu tena. Kwenye hezi 60, anza na 1,800.